Bambo, kangomba na swali la pili: niliyowaambia wanachuo Mtwara siku ya kazi na taaluma

Haya ni maneno niliyoongea Ijumaa pale ukumbini mbele ya wanafunzi wa vyuo vya hapa Mtwara mjini. Wengi mliokaa nyuma mlilalamika kwamba spika zilikuwa zinakwaruza na yale mafeni ndo yakamaliza kabisa, mkaniomba niandike. Basi nimeandika karibu vile vile nilivyosema, nimepunguza tu utani wa MC na sehemu niliyokohoa.

Shikamooni wakubwa zangu mliokaa meza kuu. Walimu wenzangu habari za asubuhi. Na nyie wadogo zangu na wanangu, mambo vipi? (Wakaitikia poa, ila kwa uchovu, ilikuwa saa tano na chai haijaja.)

MC kanitambulisha kama "dada wa maktaba". Sijakasirika, nimezoea, wengine wananiita mtunza vitabu, na kuna mmoja mwaka juzi kanisevu kwenye simu yake "Maktaba Zima Simu", nimejua maana nilimpigia akiwa amesimama mbele yangu na lile jina likatokea kubwa kwenye kioo. Sasa leo nimepewa nusu saa niwaambie hii kazi ni kazi gani. Mimi ni mkutubi mfundishaji. Yani nimesomea ukutubi, naajiriwa maktaba, lakini sehemu kubwa ya siku yangu sio kupanga vitabu wala kugonga mihuri, ni kufundisha wanachuo namna ya kutafuta taarifa, kuichuja, na kuitumia bila kuiba. Naingia darasani kama mwalimu mwingine, nina maka peni, nina karatasi ya mahudhurio, tofauti ni kwamba sina somo langu. Mimi naazimwa. Mwalimu wa kilimo ananipa saa moja, mwalimu wa elimu ananipa saa moja, wa biashara ananipa nusu saa na hiyo nusu saa yenyewe amesimama mlangoni anaangalia saa.

Mimi ni wa Kitangari kule Newala. Baba yangu alikuwa chama cha msingi cha ushirika, kazi yake ghalani, na msimu wa korosho ukianza mwezi wa kumi sisi watoto tulikuwa tunamuona usiku tu. Silaha yake ilikuwa bambo. Nyie mliokulia mjini huenda hamlijui, ni kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, unadunga gunia bila kulifungua, korosho zinateremka zinakuja mkononi. Alikuwa hadungi sehemu moja, anadunga juu, anadunga ubavuni, anadunga chini kabisa, maana mjanja anaweka korosho nzuri juu na chini anajaza zilizosinyaa, saa nyingine na kokoto. Alafu anachukua zile chache anazipasua moja moja anaangalia ndani, hii nyeupe, hii ina doa, hii imeliwa. Sijawahi kumsikia akisema gunia hili zuri kwa sababu limeshonwa vizuri. Shikeni hilo bambo kidogo, nitalirudia.

Nilivyoingia kwenye hii kazi wala sikupanga. Nilitaka sheria, pointi zikagoma. Nikapata nafasi Bagamoyo, kile chuo cha ukutubi cha SLADS ambacho kipo tangu 1989 na kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ndo bodi hiyo hiyo yenye maktaba za mikoa, hata hii yetu ya Mtwara na ile ya Lindi. Nikampigia mama nikamwambia mama nimepata, naenda kusomea ukutubi. Kimya. Alafu akaniuliza, "Ukutubi ndo nini mwanangu, utakuwa unahutubu?" Nikamwambia hapana mama, ni mambo ya vitabu. Akasema basi kama ni vitabu utakaa kivulini, nenda. Na leo nahutubu kweli, mama alikuwa anajua kitu.

Nikatoka na diploma, nikafanya kazi, nikarudi kusoma degri, nikafanya tena kazi, nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuchukua masta ya mambo ya taarifa, programu ambayo pale imeanza 1997, kabla ya hapo mtu akitaka masta ya hii fani ilibidi apande ndege. Naitaja hiyo njia kwa sababu kuna watu hapa wana cheti tu na wanadhani wamekwama. Hamjakwama. Ila niwe mkweli, ukitaka kufundisha chuo kikuu, masta haikwepeki. Kwenye vyuo vikuu vyetu vingi mkutubi mwenye masta anahesabika mwanataaluma, anapandishwa cheo kwa kuandika na kuchapisha kama mhadhiri, unaanza mkutubi msaidizi, unakuja mkutubi, unakuja mwandamizi, na juu zaidi kuna hadi uprofesa. Marekani, ambako hii kazi ya mkutubi mfundishaji imekua sana hadi ina nafasi zake zinazotangazwa kwa jina hilo, nako kigezo cha kawaida ni masta ya ukutubi, na kwenye vyuo vingine wana hadhi ya mhadhiri kabisa, vingine hawana na wanalalamika kila siku. Kwa hiyo malalamiko haya sio ya Mtwara peke yake.

Na hata hili wazo kwamba kutafuta taarifa ni ujuzi unaofundishwa, kama kuogelea au kushona, wala sio la zamani sana. Mmarekani mmoja anaitwa Paul Zurkowski ndo alilipa jina la "information literacy" mwaka 1974. Kabla ya hapo wengi walichukulia kwamba ukijua kusoma basi umejua kutafuta. Si kweli jamani. Mimi nimeona watu wana degri, wanasoma vizuri kabisa, mpe kompyuta umwambie tafuta utafiti kuhusu utapiamlo Lindi, anaandika sentensi nzima pale juu kama anamwandikia barua mjomba, yanakuja majibu milioni mbili, anachukua la kwanza, anakopi, anapesti, kamaliza.

Sasa niwaambie nilivyoharibu. Darasa langu la kwanza kabisa, chuo sikitaji na wala hakiko huku kusini, nilikabidhiwa wanafunzi mia na themanini wa mwaka wa kwanza, Jumatatu saa nane mchana, wametoka kula ugali. Nilikuwa na slaidi arobaini na sita. Slaidi ya kwanza historia ya maktaba, ya pili muundo wa uongozi wa maktaba, ya tatu sheria za maktaba, ya nne faini. Umeme ukakatika slaidi ya tisa. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikaendelea kusoma zile slaidi kwenye laptopu yangu kwa sauti, dakika arobaini, mpaka chaji ikaisha. Mwisho nikauliza kuna swali? Mkono mmoja ukanyooka nyuma kule, nikafurahi, nikasema ndio kaka. "Madam, vyoo vya jengo hili viko wapi?"

Nililia bafuni siku ile, niwaambie ukweli. Ila lile ndo lilikuwa swali pekee la kweli kwenye lile darasa, kijana alikuwa na shida na alitaka jibu. Zile slaidi arobaini na sita zilikuwa zinajibu maswali ambayo hakuna binadamu aliyeyauliza. Nikazifuta. Sasa hivi siku hizi sifundishi maktaba, nafundisha asaimenti yao. Kabla sijaingia darasani namfuata mwalimu, namuomba, mwalimu nipe asaimenti uliyowapa, na siingii wiki ya kwanza ya muhula, naingia ile wiki ambayo tarehe ya kukusanya imekaribia na watu wana jasho. Mtu mwenye jasho anasikiliza.

Na umeme ukikatika nina korosho. Msicheke, nawaambia ukweli. Natembea na mfuko wa korosho kwenye mkoba, nyingine ghafi na maganda yake, nyingine zimebanguliwa hazijakaangwa, nyingine zimekaangwa kavu, nyingine zimekaangwa na chumvi. Namwaga mezani. Namuita mtu mmoja namwambia nipe zilizobanguliwa NA zenye chumvi. Anachagua, anapata kafungu kadogo. Haya, nipe zenye chumvi AU ghafi. Fungu linakua kubwa. Nipe zilizobanguliwa SIO zenye chumvi. Basi, umeshajua yale maneno matatu AND, OR na NOT ambayo unayaandika kwa herufi kubwa ukiwa unatafuta kwenye hifadhi za majarida, yani tovuti zenye makala za kitaaluma. Ni kazi ya Mwingereza mmoja mwanahesabu wa karne ya 19, George Boole, na hakuwahi kuona kompyuta. AND inapunguza, OR inaongeza, wengi wanadhani kinyume chake kwa sababu kwenye maongezi ukisema "lete chai na mkate" umeongeza. Kwenye kutafuta, ukisema korosho AND Mtwara umesema nataka makala ambayo ina vyote viwili, kwa hiyo zinapungua. Na hiyo NOT nawaonyaga waitumie kwa woga, maana ukisema korosho NOT India umetupa hata ile makala nzuri ya Tanzania ambayo imetaja India mara moja kwenye utangulizi, na India hutajwa karibu kila mahali kwa sababu korosho zetu nyingi ghafi zimekuwa zikienda huko kubanguliwa. Shida ya hili somo ni moja tu, nikifika kwenye NOT fungu la zenye chumvi limeshaliwa.

Hiyo ni darasani. Lakini kama mnataka kuijua hii kazi kwenye mfupa wake, njooni mkae na mimi kaunta.

Kuna kijana alikuja, wa ualimu, mtu wa Tandahimba. "Shikamoo madam. Naomba kitabu cha korosho." Sasa zamani mimi ningemwambia nenda shelfu ya 634, maana ule mpangilio wa namba wa Dewey unaotumika kwenye maktaba nyingi, ambao una miaka tangu 1876, matunda na miti ya matunda imekaa pale 634, angeenda, angekuta kitabu cha namna ya kupanda mikorosho, angerudi kukaa. Na mimi ningeandika kwenye ripoti, amehudumiwa mmoja. Lakini niligundua hajaondoka macho, yani amesimama kama mtu ambaye hajamaliza. Nikamuuliza swali la pili. Ukishakipata hicho kitabu, unataka kikusaidie nini?

Akasema ni asaimenti ya historia. Inahusu? Inahusu kushuka kwa zao la korosho. Nikanyamaza kidogo, huwa nanyamaza makusudi, watu hawapendi kimya wanakijaza. Ndo akasema, "Madam ukweli ni kwamba babu yangu anasema korosho zilikufa kwa sababu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba. Mwalimu wa kilimo pale chuo anasema ilikuwa ugonjwa wa ubwiri unga. Sasa nani muongo?"

Mmeona? Alikuja na "kitabu cha korosho". Kumbe mgongoni kabeba swali ambalo maprofesa wameliandikia. Na hakulisema mwanzo kwa sababu aliona maktaba ni mahali pa kuomba kitabu, sio mahali pa kusema babu yangu na mwalimu wangu wanapingana.

Tukakaa. Tukaanza na takwimu maana bila hizo mnabishana hewani, msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya kama tani 145,000, na katikati ya miaka ya themanini ikawa imeshuka chini ya tani 20,000. Huo ni mporomoko, hapo hakuna anayebisha. Alafu tukatafuta sababu. Akaandika cashew Tanzania, yakaja mengi ya bei na soko. Nikamwambia ongeza jina la kitaalamu, Anacardium occidentale, kwa sababu watu wa mimea wanaandika hivo, yakaja mengine kabisa ambayo hakuyaona, ubwiri unga umejaa. Nikamwambia sasa tafuta hilo neno la Kiingereza la kuhamishia watu vijijini, akalipata kwa herufi z, villagization. Nikamwambia rudia kwa s. Akaona makala mpya zimetokea, macho yakamtoka. Waingereza wengi wanaandika s, Wamarekani wanaandika z, mashine haijui kama ni neno moja, sasa pale pa kubishaniwa unaweka alama inayobeba herufi yoyote, kwenye hifadhi nyingine ni nyota, nyingine alama ya kuuliza. Kitu kidogo hivo tu. Kuna mtu anaandika tasnifu nzima na nusu ya vyanzo vyake hajawahi kuviona kwa sababu ya herufi s.

Baada ya saa na nusu alikuwa na mafungu matatu. Wataalamu wa mimea wanasema ugonjwa, ile kuvu ya ubwiri unga. Wanahistoria wanasema operesheni vijiji, watu waliwekwa mbali na mikorosho yao, mashamba yakawa pori. Wachumi wanasema bei ya mkulima ilikuwa ndogo mno hata kuokota ikawa hasara. Akaniuliza tena, sasa nani muongo madam? Nikamwambia hebu angalia kila mmoja amesomea nini. Aliyesomea kuvu za mimea anaenda shambani anaona kuvu, na kuvu ipo kweli. Aliyesomea bei anaona bei. Babu yako yeye alikuwepo, anakumbuka lori lililowahamisha. Na shamba lililoachwa likawa pori ndo ugonjwa unastawi humo, kwa hiyo hata hizo sababu zenyewe zinashikana mikono. Asaimenti yako sio kumtafuta muongo, ni kuonesha zinashikana vipi. Aliondoka bila kuazima kitabu hata kimoja. Kwenye ripoti ya mwezi ule sikujua nimuandike wapi, hakuna safu yake.

Na hilo ndo donda la kazi hii kwa mtazamo wangu. Vitabu vilivyoazimwa vinahesabika, mtu aliyebadilisha swali lake hahesabiki. Nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo ilipofika bajeti, maktaba ilikuwa ya mwisho, baada hata ya mapazia, na siku za mitihani walikuwa wananitoa darasani wanakwenda kuniweka mlangoni nikague mabegi. Na masta yangu. Nilikagua.

Haya, bambo. Mwaka wa kwanza nikiwafundisha kuchuja vyanzo nilikuwa nawapa orodha ndefu ya vigezo kutoka kwenye vitabu, wanaikariri, wanaiandika kwenye mtihani, alafu kesho yake wanaleta makala ya ovyo. Siku moja nikawaambia tu, dunga. Usiangalie tovuti imeshonwaje. Dunga juu, nani kaandika, na ukimtafuta nje ya ile tovuti yake watu wengine wanasemaje juu yake. Dunga ubavuni, hizi namba kazitoa wapi, nenda hadi huko alikozitoa. Dunga chini, kwenye marejeo, chagua matatu yapasue, yapo kweli? Yanasema alichosema yanasema? Watoto wa wakulima wa korosho walinielewa kwa dakika mbili.

Na wakanielewa zaidi nilipofika kwa yale majarida ya kitapeli, yale ambayo yanakutumia imeili "Mheshimiwa Profesa" na wewe uko mwaka wa tatu, lipa dola kadhaa tunachapisha makala yako ndani ya siku tano, mhakiki hakuna, mhariri hakuna. Nikawaambia hiyo ni kangomba. Darasa zima likaguna. Maana hapa kusini hakuna asiyejua kangomba, mtu anakuja wakati huna hela ya ada wala ya salfa ya kupulizia mikorosho, anakupa vijisenti anachukua korosho yako kwa bakuli, bei ya kutupa, na bakuli lenyewe limebonyezwa. Huyu mwenye jarida naye anakuvizia wakati una shida ya kuchapisha, anachukua kazi yako ya miaka miwili, na ukija kuomba kupandishwa cheo unaambiwa hii haihesabiki.

Kuna dada pale mbele ameuliza kwenye karatasi, je akili mnemba haitamaliza hii kazi yenu? Mwezi uliopita alikuja mwanafunzi na marejeo kumi na mbili, ana haraka, anataka nimpatie makala zake kamili. Safi kabisa, majina ya waandishi, mwaka, jarida, toleo, kurasa. Nikatafuta ya kwanza, haipo. Ya pili haipo. Ya tatu jarida lipo, toleo lipo, nikafungua zile kurasa, pale pana makala ya mambo ya samaki, sio ya elimu ya watu wazima. Nikamuuliza haya umeyatoa wapi, akaangalia chini. Mashine ilimtungia. Sio kwamba ilimdanganya kwa nia mbaya, haina nia, ile inapanga maneno yanayofanana na marejeo, kama gunia lililoshonwa vizuri ndani hamna kitu. Kumi na mbili, yaliyokuwepo kweli yalikuwa mawili. Tangu hizi mashine zije, kaunta yangu imejaa zaidi kuliko zamani, kwa hiyo dada yangu, kwa sasa kazi ipo.

Niseme na jambo moja la Lindi maana naona wa Lindi wamenuna, nataja Newala tu. Mjusi wa Tendaguru, yani yule dinosaria. Kila mwaka lazima aje mtu anataka kuandika juu ya yule mjusi mkubwa ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, wakaibebesha watu vichwani hadi bandari ya Lindi, na sasa yuko Berlin amesimamishwa, urefu mita 13 na ushee kwenda juu. Na kila mwaka wanakwama palepale, wakitafuta kwa Kiswahili wanapata vipande, kwa Kiingereza wanapata zaidi, ila mengi ya mwanzo yako kwa Kijerumani. Hapo nawaonesha kwamba lugha unayotafutia ndo mlango unaopitia. Na majina pia. Mijusi ile ilipewa majina ya wakubwa wa kule, mmoja kapewa hadi jina la jenerali wao Lettow-Vorbeck, wakati aliyesimamia wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Jina la Boheti lilikuja kuwekwa kwenye mjusi mwaka 2007. Andika Boheti kwenye kutafuta uone unafungukiwa na nini, tofauti kabisa na ukiandika jina la yule jenerali. Haya Lindi mmefurahi sasa.

Kabla sijamaliza nitasema na kosa langu jingine, hili linaniuma kuliko lile la slaidi. Tulikuwa na mwanafunzi, mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima karudi kusoma degri baada ya miaka ishirini kazini. Kila nikiwa na mazoezi chumba cha kompyuta anakaa pembeni, nikimfikia ananiambia, "Mwalimu leo nimesahau miwani." Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku hiyo nimechoka, nikasema kwa sauti, mama bonyeza tu hapo, mbona rahisi, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Vijana wakacheka. Hakurudi.

Nikaja kumkuta steshenari moja pale karibu na stendi, amekaa kwenye kistuli, kijana wa steshenari ndo anamtafutia makala, anamlipa elfu tano kwa kila swali, na kijana mwenyewe anachukua ya kwanza inayotokea. Wakati chuoni kuna hifadhi za majarida ambazo anaruhusiwa kuzitumia bure kama mwanafunzi, kuna Research4Life, mpango unaofungulia nchi zetu majarida ya afya, kilimo, mazingira na kadhalika bure au kwa bei ya chini, makala moja ambayo mtu wa nje analipia dola thelathini na zaidi. Alikuwa analipa elfu tano kununua aibu yake, na aibu yenyewe nilimpa mimi. Nilimuomba radhi pale pale, nikamwambia mwalimu nimekosa, Jumamosi maktaba haina watu, njoo tukae wawili. Akanijibu tu, "Haya mwalimu." Jumamosi hakuja. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwenzake, wote wawili wamesahau miwani. Tukaanza na kushika mausi.

Sasa MC ananinyooshea mkono, na kuna karatasi nyingine hapa imeandikwa "mshahara???" alama za kuuliza tatu. Mwanangu, ni mshahara wa mtumishi wa chuo, hutajenga ghorofa Shangani, lakini ada ya watoto inalipika na kivuli kipo kama mama alivyosema. Matangazo ya nafasi angalieni yale ya sekretarieti ya ajira, na vyuo binafsi vinatangaza vyenyewe.

Wale wa mwaka wa tatu wenye proposo, Jumatano saa nane mchana, chumba cha kompyuta. Njooni na swali, hata kama limekaa vibaya, tena likikaa vibaya ndo vizuri. Desa la mwaka jana acheni nyumbani. Na umeme ukikatika msiondoke, korosho zitakuwepo, ila zenye chumvi safari hii nazishika mwenyewe.